B Tisa na Kola Moja

Jumatatu, 2 Juni

Filimbi anastaafu! Katangaza leo saa ya chai, kikombe mkononi, kama mtu anayesema huenda mvua ikanyesha. Msimamizi wetu wa laini, mwenye filimbi shingoni tangu siku nilipoingia kiwandani nikiwa bado mwembamba. Mwisho wa mwezi anakwenda kulea kuku na wajukuu — kwa mpangilio huohuo, kasema mwenyewe.

Kiti cha msimamizi kitakuwa wazi. Nilipokuja kushtuka, nimeshamwagia mto wangu chai.

Mto wangu maskini. Kila mtu kwenye laini ya mashati ana cherehani yake na stuli yake. Wa mifuko kabandika picha ya mtoto wake kwenye mashine. Wa mabega kafunga utepe mwekundu. Mama Vifungo ana kioo kidogo cha kujitazamia. Mimi sina mashine. Cheo changu rasmi ni mshonaji wa akiba: asipokuja mtu, naingia mimi. Nina mto wa kukalia tu, nauhamisha kwapani kutoka stuli hadi stuli, na watu wakiniona napita nao wanajua nani hajafika. Leo nimeshona mikono asubuhi, matundu ya vifungo kabla ya chai, mifuko baada ya chai, na jioni pindo. Wananiita Kiraka, jina la mpirani, la yule mchezaji anayejaza kila pengo. Silichukii.

Lakini nakitaka kile kiti. Haya, nimeandika! Kwa kalamu ya wino.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anafagia nywele za mteja wa mwisho, kwenye kibanda chake cha kinyozi mbele ya nyumba. Kaacha ufagio, kapiga saluti kama askari. Halafu kakumbuka. "Na dada yangu je?"

Hapo ndipo penye kazi. Dada yake, wifi yangu, ndiye Malkia wa Kola. Ndiye aliyenileta kiwandani, na ndiye aliyenikutanisha na huyu kinyozi wake. Laini nzima hakuna anayemfikia. Daraja A! Ncha mbili za kola zinalingana utadhani zimepigwa mhuri. Wanunuzi wakija kukagua, wanapelekwa kwake moja kwa moja, kama watu wanaopelekwa kumwona bibi harusi. Lakini usimpe kitu kingine. Mwaka jana alipunguza suruali ya kaka yake, ikatoka kaptula yenye mguu mmoja mrefu. Mume wangu anaivaa mpaka leo, kusudi, kila wifi akija kututembelea.

Mume wangu anasema kiraka ndiye mchezaji ambaye kocha humlilia asipokuwepo, lakini siku ya kombe anayelinyanyua ni mwingine. Nimemrushia taulo la wateja. Limejaa nywele, na aliyepiga chafya ni mimi.

Jumatano, 4 Juni

Meneja kaita kikao. Bado mgeni kwetu, katokea kiwanda cha viatu, na anatembea kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Kasema hatamtafuta msimamizi nje, atamtoa humuhumu. Tukapiga makofi. Halafu sharti: awe Daraja A kwenye mashine yake. Macho yote yakamgeukia wifi. Makofi tena, na mimi nikapiga kwa nguvu, maana ni wifi yangu na anastahili.

Mimi sina A hata moja! Kila mashine waliyonipima wamenipa B. Na A nitaipatia wapi? Nikianza tu kuuzoea mkono wa mashine, mwenye stuli anapona mafua, anarudi, nabeba mto wangu.

Jioni nimetoka na wifi. Sikumwona akifurahi kama nilivyotegemea. Kanitania tu. "Mshika mbili moja humponyoka, wifi. Wewe umeshika ngapi?" Nikamwambia tisa, na zote ninazo. Tumecheka mpaka kona ya duka la dawa, mwenye duka akatuchungulia. Lakini nilipomuuliza kama anakitaka kile kiti, alianza kuzungumzia bei ya viatu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeingia ofisini kwa Meneja! Bila kuitwa! Na mto kwapani, nimesahau kuuacha.

Maneno niliyokuwa nimeyapanga toka alfajiri yalikimbia yote. Nikabaki na moja tu mdomoni. "Madam, B tisa hazifanyi A moja?"

Kaweka kalamu chini. B tisa za nini? Nikamtajia: mifuko, mabega, mikono, matundu, vifungo, pindo, ubavu, lebo, na kola — ndiyo, hata kola, japo wifi akizikagua za kwangu hufumba jicho moja. Akaniuliza na huo mto ni wa nini. Nikamweleza. Kacheka kicheko kifupi kinachofanana na chafya.

Kanisimulia kisa cha kule kwenye viatu. Walimpandisha fundi wa soli, bingwa asiye na mpinzani. Hakuweza kuacha kutazama soli. Mwezi haukuisha wakapeleka dukani viatu vyenye soli safi kabisa na havina mahali pa kupitisha kamba. Na bingwa mwenyewe hawakumpata tena: aliona haya kurudi kwenye soli, akahama mji. Basi, kasema, tujaribu kwanza. Wiki ijayo wifi yangu ashike laini. Wiki inayofuata nishike mimi. Halafu atatuita kwenye usaili mmoja mmoja.

Nimetoka karibu nirukeruke. Nimegonga goti kwenye meza ya kukatia vitambaa. Haliumi kabisa!

Jumapili, 8 Juni

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Wote mezani. Mama kajua kila kitu kabla hatujanawa mikono. Kasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na yeye zizi lake ndilo hili, atatuweka wapi? Mume wangu kasema labda atutenganishe na bakuli la mchuzi, hasa lisogee upande wake.

Mama anamwombea binti yake, hakuficha. Mzee wake alikufa akiwa tarishi, anataka kabla hajafumba macho amwone mtoto mmoja anaitwa bosi. Na huyu mwingine ndiye huyo, kamnyooshea kidole mume wangu mwenye ndevu kama kichaka, kinyozi hajinyoi. Halafu kaniona nimeinama. Kanishika bega. "Na wewe mwanangu nakuombea." Wifi akauliza Mungu atatupaje sote wawili kiti kimoja. Mama kasema hayo ni ya Mungu, yeye anapeleka maombi tu.

Nampenda huyu mama. Ila leo nimerudi nyumbani na kijiwe rohoni.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya kwanza ya wifi. Filimbi kamvisha filimbi yake, wifi kapuliza, ikatoa sauti ya kifaranga. Laini nzima tumeshangilia.

Kwa kuwa yeye kasimama, kola nimeshika mimi. Mto wangu kwenye stuli ya Malkia! Cherehani yake inanukia mafuta mazuri, kila kitu mahali pake. Kola ya kwanza sijaimaliza, nikahisi pumzi kisogoni. Ni yeye. Kaitazama. Kaifumua.

Jumanne, 10 Juni

Kola. Wifi kisogoni. Kola. Wembe wa kufumulia. Kola.

Saa ya chai nimemuuliza huko mbele kwenye vifungo kunaendeleaje. Kasema, wapi?

Alhamisi, 12 Juni

Leo! Nacheka bado.

Tangu jana wa mikono hayupo, kaenda kwao kwenye msiba. Siku zote angeziba Kiraka. Lakini Kiraka yuko kwenye kola, na msimamizi yuko juu ya Kiraka. Basi wa pindo akajiongeza mwenyewe, akakalia stuli ya mikono, akashona kwa wasiwasi bila kuinua kichwa. Fungu la mikono ya kulia lilikuwa chini ya meza. Yeye alikuwa na mafungu mawili ya kushoto.

Fundi wa mashine ndiye aliyegundua. Anapenda kujaribu mashati kabla hayajapigwa pasi, anajiona ana umbo. Kavaa. Mkono wa kushoto sawa. Wa kulia, mpasuo wa vifungo unatazama mbele na bega limevimba kama lina jipu. Kajaribu kunyoosha, shati likamzungusha. Katembea laini nzima hivyo, mkono mmoja umejipinda, anatuamkia mmoja mmoja. "Dada, shikamoo, mimi nina kushoto mbili."

Mashati ya siku mbili! Lundo zima! Tulicheka mpaka Mama Vifungo akashuka kwenye stuli. Wifi tu hakucheka. Kasimama na kola yangu mkononi, kola nzuri kabisa, ameinyoosha ncha. Uso wake umenichoma. Nikaacha kucheka.

Ijumaa, 13 Juni

Tumefumua siku nzima. Sikupewa ruhusa na mtu, nimejikuta tu nasema: nyinyi wawili mfumue, wewe panga za kulia huku, wewe za kushoto huku, wa mabega aunganishe. Hakuna aliyebisha. Meneja kapita, kasimama kidogo, kaondoka na haraka zake.

Na wifi je? Kavua filimbi, kaiweka mezani, kakaa sakafuni na wembe wake wa kufumulia. Jamani yule mwanamke! Nyuzi zilikuwa zinatoka kama anachambua karanga, kitambaa hakina hata alama. Kaanzisha wimbo, tukaitikia. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hii kumsikia akiimba. Saa ya kutoka lundo lilikuwa limekwisha na watu hawataki kwenda nyumbani.

Jumapili, 15 Juni

Wifi kaja peke yake, asubuhi, hata chai hatujaweka. Mume wangu alikimbilia ndani kuvaa ile kaptula. Alipotoka nayo akatuona tulivyokaa, akarudi ndani polepole.

Kasema hakitaki kile kiti. Wiki nzima alikuwa anaota cherehani yake. Watu wanamjia na maneno, huyu kachelewa, yule kanuna, uzi umekwisha, naye kichwani anaona kola tu. Nikamwambia basi sema hutaki! Kanitazama kama mtoto. "Nikisema sitaki, nabaki wapi?" Yuko A miaka yote hii. Juu ya A hakuna kitu. Kiwandani kuna ngazi moja, na anayetaka kuipanda aache kwanza kile anachokijua. Wenzake aliowafundisha kushika sindano wamekuwa wasimamizi kwenye laini nyingine, wanamzidi mshahara, na kola zao ni masikio ya mbuzi.

Nimeona wivu na huruma kwa pamoja, sijui vilipitaje mlango mmoja. Mimi nimekwama kwa kukosa A, yeye kakwamia kwenye A!

Nikamwambia ampelekee Meneja maneno hayohayo. Aombe ngazi ya pili. Cheo cha fundi mkuu, mshahara wa msimamizi, makalio palepale kwenye stuli yake. Kacheka. Halafu: "Na mama nitamwambia nini? Kwamba nimekataa ubosi?" Tumekunywa chai. Akiondoka kasema hajaamua, nisimkasirikie. Nimemwambia sitamkasirikia. Sina hakika.

Jumatatu, 16 Juni

Filimbi iko shingoni mwangu! Nimeipuliza mpaka mlinzi wa getini kaja kuuliza kuna moto wapi.

Wifi karudi kwenye kola, anafuta mashine yake kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Siku imekwenda kama mtelezo. Nawajua wote. Najua wa mabega asiposifiwa kabla ya saa tatu anapunguza mwendo. Najua wa lebo akinyamaza ana njaa. Nilizaliwa kwa kazi hii, nasema kweli!

Jumatano, 18 Juni

Nilizaliwa kwa kazi gani? Aibu tupu.

Jana wa mabega hakuja. Nikakaa mimi. Uzi wa mifuko ukawa unakatika, nikakimbia na mto, nikakaa. Leo wa matundu kaenda kliniki, nikakaa. Nimeshona vizuri mno, kila kitu B! Na laini ikachelewa kuliko hata wiki ya wifi. Mafungu yamejaa huku, watu wamekaa mikono mitupu kule. Meneja kaja kumtafuta msimamizi. Hakumwona. Kauliza. Wakamwonyesha miguu yangu, nilikuwa chini ya meza natafuta bobini ya uzi.

Jioni Filimbi kaniita kando. Mzee yule hanigombezi, ndiyo inauma zaidi. Kaniuliza swali moja tu: ukishika cherehani wewe, laini kaishika nani? Nikasema lakini kulikuwa na pengo! Kasema pengo huwa lipo kila siku mwanangu. Yeye mwanzoni alikuwa hivyohivyo, alikuwa anashona mpaka msimamizi wake akamfichia miwani.

Nimemweleza mume wangu. Kwa mara ya kwanza hakutania. Kasema kocha anayeingia kucheza mwenyewe huwa anaiona pasi yake tu. Halafu katania, kauliza kama miguu yangu chini ya meza ilionekana vizuri.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefungia mto kabatini. Ufunguo nimempa wifi, nimemwambia asinipe hata nikilia.

Saa mbili tu, wa mifuko kapata simu ya shule, mtoto kaanguka. Miguu yangu ikaanza yenyewe kwenda. Nikashika nguzo. Kweli, nimeshika nguzo! Nikamwita Mama Vifungo. Njoo kwenye mifuko. Kapiga yowe. Yeye ni wa vifungo tu, toka enzi na enzi, mifuko itamuua. Nikamwambia vifungo vimeshaitangulia laini, viko vya kutosha, na mfuko haujawahi kuua mtu. Kakaa. Wa kwanza ulitazama juu kama unaomba dua. Wa nne ukanyooka. Mchana alikuwa anawaambia watu wasimpigie kelele, yuko kwenye mifuko.

Ndipo nikapata wazo. Kola. Wifi akikosekana siku moja, na mimi nisipokaa, nani? Nimemwomba amfundishe Mama Vifungo. Kakunja uso. Akiumwa je? "Siumwi." Akisafiri? "Sisafiri." Akifa? "Kola itakuwa tatizo lenu, si langu!" Lakini nilimjua. Alikuwa anaogopa. Mtu kitu chake kimoja, halafu uje uniambie nikigawe. Nikamnong'oneza kwamba anayefundisha ndiye anayeitwa fundi mkuu. Baadaye nimemwona anampimia Mama Vifungo urefu wa stuli kwa macho.

Ijumaa, 20 Juni

Wifi kamkalisha! Saa ya chakula, mkate mkononi, kasimama nyuma yake. Usiivute, iongoze. Usiogope ncha, ncha inajua njia. Kola ya kwanza sikio la sungura. Ya pili sikio la sungura aliyelala. Ya tano, wifi kaichukua, kaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, kaigeuza. Tumebana pumzi wote, hata fundi wa mashine. "Hii ni B." Mama Vifungo kacheza kati ya meza, kioo chake mkononi, anajitazama anavyocheza.

Na wifi uso wake umewaka. Nimemfahamu miaka yote hii sijawahi kumwona hivyo kwenye kola ya mtu mwingine.

Mashati ya leo yametoka yote, kabla ya kengele. Sikukaa hata mara moja. Miguu inaniuma vibaya, nina furaha kupita kiasi.

Jumapili, 22 Juni

Mama mkwe kamnunulia wifi gauni la usaili. Rangi ya zambarau, vifungo vya dhahabu. Ameshawaambia majirani wote kwamba binti yake ni bosi, mmoja kapita kabisa kutoa hongera tukiwa tunakula. Wifi kasema asante mama. Kanitazama juu ya sahani. Nimetazama chumvi.

Sijamuuliza ameamua nini. Akisema ndiyo, kiti ni chake, ana A na gauni. Nitampigia makofi, nitarudi kwenye mto wangu, na nitalia mara moja tu, bafuni. Nimeshapanga.

Mume wangu leo kanyoa ndevu. Mama kadhani ni mgeni.

Jumanne, 24 Juni

Saa nne na kitu. Niko koridoni juu, nje ya ofisi ya Meneja. Nimekalia mto wangu kwenye benchi (wifi karudisha ufunguo asubuhi, kasema koridoni si kosa), daftari mapajani. Nikikaa bure nitatafuna kucha zote.

Wifi kaingia kwanza, na gauni lake la zambarau. Mlangoni alinishika mkono. Kidole chake cha sindano kilikuwa baridi.

Nasikia sauti yake, maneno hayasikiki. Anaongea yeye tu. Mtu ambaye wiki nzima ya ubosi wake hakuongea hivi! Neno moja nimelikamata, "kola zangu". Limekuja tena. Sasa amesema kola zangu nini? Naziacha? Siziachi? Mungu wangu, mlango huu mnene.

Meneja kacheka ile chafya.

Hapa kuna dirisha, naiona laini yote chini. Filimbi leo kachukua ruhusa, kaenda kuchagua kuku wake. Kitu kinakwenda kombo. Wa mabega kakunja mikono. Wa lebo anaangalia dari. Cherehani zinanyamaza, moja, nyingine, nyingine. Kola zimekwisha! Kasha tupu. Malkia yuko ofisini na Kiraka yuko koridoni, hakuna aliyelifikiria hilo, hata Meneja, hata mimi!

Fundi wa mashine kapanda ngazi mbiombio. "Dada Kiraka, kola, njoo haraka, laini imesimama!"

Nimeinuka. Mto kwapani, kalamu sikioni. Nimeshuka ngazi mbili, ya tatu mguu uko hewani. Na wakiniita? Wafungue mlango wakute benchi tupu, kwa sababu kulikuwa na pengo?

Nimesimama palepale. Nimemwambia: Mama Vifungo aende kwenye kola. Wa mifuko ashike vifungo, mifuko yake imeshatangulia, itasubiri. Wa lebo mpe biskuti. Kaniuliza, na wewe? Mimi nina kazi hapa. Halafu nikampa mto. Ile stuli ya kola ni fupi kwa Mama Vifungo, mpelekee. Kaushika kama kapewa mtoto mchanga, kashuka nao.

Nimerudi kukaa. Lo, benchi hili ni gumu! Miaka yote sikujua viti vya watu vilivyo.

Kimya chini.

Kimya.

Imeanza! Cherehani moja, inakwenda, inasita, inakwenda. Ni mguu wa Mama Vifungo, naujua. Sasa wa mabega. Sasa wote. Nacheka peke yangu koridoni kama mwehu, na machozi juu, sijui ya nini.

Ndani wamenyamaza. Wanasikiliza na wao, nadhani. Viti vinasogezwa. Kitasa kinageuka. Ni Meneja, wifi yuko nyuma yake simwoni uso, naona vifungo vya dhahabu tu vinapanda na kushuka, analia au anacheka, sauti yake tu inanifikia: "Siziachi, wifi!" Meneja katazama chini dirishani. Kanitazama mimi. Kalitazama benchi ninalokalia.

Anauliza mto uko wapi.